Udongo Mweusi wa Wifi

Jumatatu, 4 Machi
Bwana shamba kapita leo. Kijana mdogo, viatu vikubwa. Anatafuta shamba moja liwe shamba darasa, watu waje kujifunza. Ijumaa atachimba shimo kwangu na kwa wifi. Penye udongo mzuri patawekwa kibao chenye jina la mwenye shamba. Jina langu, kwenye kibao! Mimi niliyeishia darasa la pili!

Mpinzani ni huyo huyo wifi, dada wa marehemu mume wangu. Shamba lake liko bondeni, chini ya langu. Miaka arobaini ananiringia mahindi.

Jumanne, 5 Machi
Nimechungulia kwake. Udongo mweusi kama masizi, laini kama unga. Wangu mwekundu, jembe linadunda. Basi nimefagia majani yote, nikachoma nyasi. Mgeni asikute uchafu. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, akaniuliza eti majani si huoza yakawa udongo, mama? Huyo hata chai inamshinda kuchemsha.

Alhamisi, 7 Machi
Wifi kaenda kliniki kutazamwa magoti. Mungu amponye, ila taratibu. Tumebeba udongo wake karai kumi na nane. Mkwe akanung'unika kuwa huu ni wizi. Wizi gani? Kila mvua udongo wangu unateremka kwake bila hata hodi. Naurudisha nyumbani! Tumeumwaga kando ya njia, pale nilipokuwa sijachoma nyasi. Muda ulibana, tumezifukia hivyo hivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu. Koleo la kwanza, udongo mweusi. Bwana shamba akatabasamu. Koleo la pili, nyasi. Mbichi! Akauliza, bibi, hizi za kwako zinaota zikitazama chini? Nikamjibu udongo wangu una nguvu. Hapo wifi, aliyekuja kutazama, akaokota humo kipande cha sahani yake ya harusi iliyovunjika zamani. Akasema, "Wifi, si ungeniambia, ningekuletea na meza!"

Kijana akanivuta hadi kwenye mwamba uliochomoza mtelemkoni. Eti huo ndio mama wa udongo wangu. Jua linaupasua, mvua inaumumunya, mizizi inapenya, majani yanaoza, minyoo wanamalizia kazi. Lakini nikiacha mtelemko uchi, mvua inasomba kila kitu mpaka bondeni. Niache kufagia, niache kuchoma, nipande nyasi. Nikauliza, nisubiri muda gani? Unene wa kidole kimoja, akasema, huenda ukachukua miaka mia kadhaa.

Nina sabini na moja!

Kibao kimekwenda kwa wifi.

Jumapili, 10 Machi
Nimewaza usiku kucha. Kama udongo wa bondeni ulitoka kwangu, na kijana kasema mwenyewe, basi kibao ni cha wawili. Nimemfuata wifi aongeze jina langu. Hata chini kabisa, hata kwa herufi ndogo. Kacheka mpaka magoti yakapona.

Jumatatu, 11 Machi
Nimegundua kosa la bwana shamba. Kazi kaiachia jua na mvua, vitu visivyo na msimamizi! Nimechukua nyundo ya marehemu, nikavunja ule mwamba, nikatwanga kinuni, nikachekecha. Tangu alfajiri hadi adhuhuri: kopo moja, limejaa pomoni! Kazi ya miaka mia ngapi hiyo? Kinu kimepasuka, mkwe analia, kumbe kilikuwa cha mama yake. Atanyamaza.

Nimetuma salamu bwana shamba arudi kupima upya. Koleo aliache. Aje na kijiko.