Mtu wa Mizinga

Mstaafu alimwona mteja kabla mteja mwenyewe hajajua kuwa ni mteja. Alikuwa kwenye benchi la muuza chai, mkabala na jengo la kumbukumbu za kale, amekunja nne, gazeti la juzi mkononi, jicho moja kwenye ngazi. Akatoka baba mmoja mnene, suti imembana makwapani, anajifuta vumbi na jasho kwa leso ileile. Wanaotoka mle ndani na karatasi hawana faida kwa mtu. Huyu alitoka mikono mitupu, uso umekunjamana, na viatu vyake vilikuwa vya bei mbaya. Mstaafu akalikunja gazeti taratibu, kama hakimu anayefunga jalada.

Inafaa ijulikane mapema kuwa Mstaafu hakuwahi kustaafu kazi yoyote, kwa sababu hakuwahi kuwa na kazi ya kustaafu. Jina hilo alipewa na koti lake la kaki lenye mifuko minne, na miwani aliyoining'iniza shingoni kwa kamba. Ofisi yake ni lile benchi, na bidhaa yake ni mababu. Ukimkosa babu yako ndani ya jengo, Mstaafu alikupatia nje, tena mwenye cheo.

"Umemkosa babu, mzee wangu?" akauliza.

Yule baba akasimama. "Umejuaje?"

"Uso wa mtu aliyekosa babu naufahamu. Wamekuambia faili limeliwa na mchwa?"

"Wamesema panya."

"Wamebadilisha. Mwaka jana walikuwa mchwa." Mstaafu akasogea, akampa nafasi. "Kaa. Una karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Yoyote. Ya jeshi, ya kuzaliwa, ya kufa."

"Sina."

"Basi kiserikali huna babu. Pole sana."

Mteja akakaa kwa kishindo, chai ya watu ikamwagika. Alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya kuezekea, tajiri wa kutosha kuitwa Bwana Mabati hata na wanaomdai. Taabu yake ilikuwa hii: binti yake amepata mchumba, na baba wa mchumba ni brigedia mstaafu. Huyu alikuwa mstaafu wa kweli, wa pensheni. Sebule ya Brigedia imejaa nishani ukutani. Sebule ya Bwana Mabati ina kalenda ya kampuni ya misumari. Siku ya kutambulishana, Brigedia alimkazia macho akamwuliza, "Na kwenu, nani aliwahi kuvaa magwanda?"

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema ninachokijua. Babu yangu alikuwa mtu wa mizinga." Bwana Mabati akaweka mkono kifuani. "Si uongo, bwana. Shangazi yangu kanisimulia tangu niko mdogo. Babu yako alikuwa mtu wa mizinga, ananiambia. Akitoka nayo, njia nzima inabaki tupu."

"Brigedia akafanyaje?"

"Kumbe na yeye alikuwa wa mizinga maisha yake yote! Akasimama palepale kwenye zulia akanipigia saluti. Kisha akasema Jumamosi anakuja kwangu kuziona nishani za mzee." Akajifuta jasho tena. "Binti yangu hali, halali. Namwambia posa haivunjiki kwa ajili ya nishani, na mwenyewe siamini ninachosema."

Mizinga pekee ambayo Mstaafu aliwahi kushughulika nayo ni ile ya kuwapiga jamaa zake mwisho wa mwezi, akikopa bila nia ya kulipa. Hata hivyo aliinamisha kichwa kwa heshima ya marehemu.

"Jumamosi," akasema, "babu yako atakuwa ukutani."

Bahasha ikahama mfuko. Ya pili, walikubaliana, itahama wageni wakishaondoka.

Karatasi hazikumpa shida. Unaziloweka kwenye chai ya rangi, unazianika, unaandika kwa mwandiko wa kulala, unagonga muhuri. Muhuri wake aliuchonga mwenyewe kutoka kwenye soli ya kandambili, na kwa miaka mingi ulikuwa umeheshimiwa na watu wasomi. Nishani zilitengenezwa na fundi funguo wa uchochoroni, kwa shaba ya mabomba mabovu ya bafuni.

Fundi alizipanga tatu juu ya meza, akazitazama bila furaha.

"Kwa muuza mabati zinatosha," akasema. "Lakini umesema anakuja brigedia. Huyo akiishika tu, umekwisha. Kati ya hizi lazima iwepo moja ya kweli, ya kuzifichia aibu wenzake."

Mstaafu akatazama uchochoroni huku na huku. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, kwenye mfuko wa tano ambao watu hawaujui, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa nishani. Ilikuwa ya shaba nzito, imefifia sura ya mbele kwa kusuguliwa, na ukingoni limechongwa jina kwa herufi ndogo. Babu yake Mstaafu aliibebea mizigo ya watu vita vizima, akarudi na nishani hiyo na kikohozi. Bibi aliisugua kwa majivu mpaka anakufa. Mstaafu alikuwa ameshauza kitanda, redio na saa ya mjomba wake, tena mjomba akiwa hai, lakini ile hakuwahi kuiuza. Kusema kweli aliipenda kuliko alivyompenda mtu yeyote anayepumua.

Fundi akachukua tupa. "Hili jina nilisage?"

"Ukiligusa nakuvunja vidole."

"Basi usiitoe."

"Naiazimisha tu," akasema Mstaafu. "Itakaa kwenye fremu, ukingo hauonekani. Wiki ijayo naifuata, nasema nakwenda kuisafisha, narudisha mwenzake utakayenichongea. Nani atajua?"

Jumamosi fremu ilikuwa ukutani, kalenda ya misumari imewekwa chini ya kochi. Brigedia alifika amenyooka kama rula, na kijana wake, ndiye mchumba, nyuma yake. Binti alikaa ukingoni mwa kiti, anavitesa vidole vyake. Mstaafu alitambulishwa kama mtafiti. Shangazi mtu, aliyeletwa kutoka shamba kwa ajili ya siku hiyo, alikuwa bibi mdogo wa umbo, na fimbo yake ilimzidi kimo. Alikaa karibu na ukuta akaitazama fremu kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Brigedia hakumtazama mtu mwingine. "Mama," akasema, "nimeambiwa wewe ndiye binti wa yule mzee wa mizinga."

"Ndiye mimi."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Baba yangu nisimwone? Mizinga yake naijua mmoja mmoja. Ilifika arobaini."

Brigedia akashika mkono wa kiti. "Arobaini! Na wenzake wangapi?"

"Wenzake wa nini? Peke yake. Nani mwingine angethubutu?"

"Mlisikia?" Brigedia akamgeukia kijana wake. "Peke yake! Mama, alikuwa anatoka saa ngapi?"

"Giza likishaingia. Mchana ni hatari, wanakuona."

"Sahihi kabisa. Hata sisi tulifundishwa hivyo."

"Anajifunga gunia kichwani, anabaki macho tu. Anawasha moshi, anautanguliza mbele, ndiyo anasogea."

"Moshi wa kujificha," Brigedia akanong'ona. Macho yalishaanza kumlowa.

Hapo ndipo kitu kilipomgonga Mstaafu. Gunia kichwani. Moshi. Akaiona mizinga yote arobaini, si ya chuma bali ya magogo, imetundikwa mitini, na nyuki wanaingia na kutoka. Alikuwa amempa mrina asali nishani ya vita, kikosi na namba ya jeshi.

"Aliwahi kujeruhiwa?" aliuliza Brigedia.

"Mara moja walimzunguka. Alivimba uso, wiki nzima haoni mbele."

"Gesi! Wale washenzi!" Brigedia akatoa leso. "Na kila alipotoka na mizinga yake, Mama, alirudi na nini?"

Shangazi alifungua kinywa kusema asali. Bila shaka alitaka kusema asali, maana ndiyo kweli, na chumba kizima kilikuwa kimetegewa neno hilo. Lakini kabla halijatoka akamwona mzee wa watu analia na nishani zake kifuani. Akaiona fremu. Akamwona mpwa wake amemeza mate, na mjukuu wake amemshika yule kijana mkono chini ya kitambaa cha meza kwa nguvu kama mtu anayezama.

"Alirudi na sifa," akasema Shangazi.

Mstaafu akapumua. Alipumua mapema, kwa sababu Brigedia alikuwa ameshasimama anaitoa fremu ukutani.

"Nishani halali ina jina ukingoni," akasema, huku akichokonoa pini za nyuma kwa kisu kidogo. "Nataka nilisome kwa macho yangu."

"Brigedia, kioo hicho ni chepesi..." alianza Mstaafu.

"Na mimi nina mkono mwepesi."

Ya kwanza haikuwa na jina. Ya pili na ya tatu vilevile.

"Hizo ni nakala za gwaride," Mstaafu alisema haraka. "Askari hawakuvaa za kweli kwenye mvua."

Brigedia aliipima ya nne kiganjani, na uso wake ukabadilika. Akaigeuza kwenye mwanga, akalisoma jina kwa sauti ya paredi. Ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu aliyewahi kulisikia jina hilo, isipokuwa mtafiti.

"Lakini babu yangu aliitwa..." alisema Bwana Mabati, akaishia hapo. Fimbo ilikuwa imetua juu ya kidole chake cha mguu.

"Ndilo jina lake la jeshini," akasema Shangazi. "Sisi nyumbani tulimwita vingine."

"Ni kawaida," Mstaafu akadakia, maana mdomo wake ulikuwa na mazoea ya kuokoa mambo bila kumwuliza. "Makarani wa zamani waliandika walichosikia."

"Basi liandikwe," akasema Brigedia. "Jambo kama hili halikai mdomoni. Mtafiti, kaa hapo uandike."

Macho yote yakamgeukia. Mstaafu akakaa, akatoa kalamu. Angeweza kuandika mistari miwili akaondoka, lakini fundi yeyote akishashika kazi hujisahau, na mwandiko wa kulala ulimjia vizuri sana asubuhi ile. Akaandika kwamba mwenye jina lililochongwa ukingoni mwa nishani hii ni babu halali wa Bwana Mabati, na si wa mtu mwingine awaye yote. Kwamba nishani ni mali ya nyumba hii kizazi hata kizazi. Na kwamba yeyote atakayejitokeza kuidai ahesabiwe mwongo. Lile la mwongo aliliongeza kwa ajili ya mapigo ya sentensi. Brigedia akasaini kama shahidi, kandambili ikagonga muhuri, vigelegele vikapasua paa la bati geji nene. Posa ikapita.

Wiki iliyofuata Mstaafu alirudi, nishani mpya ya bomba mfukoni. Bwana Mabati alikuwa dukani. Shangazi alikuwa barazani, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Shangazi. Nimekuja kuichukua ile nishani niisafishe."

"Marahaba. Imeshasafishwa, Brigedia kaisugua mwenyewe kwa dawa ya meno." Akanyoosha mkono, akamsogezea kifurushi. "Hizi tatu chukua. Moja ina alama ya maji moto kwa nyuma."

Mstaafu alikipokea kifurushi. "Na ile bahasha ya pili?"

"Nimempa binti, ya shughuli yake. Kuna lingine?"

Alijaribu tabasamu la kwanza, halafu la pili, lile la wajane. Shangazi aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Mwishowe Mstaafu akakaa kwenye ngazi, akavua miwani.

"Shangazi, ile ni ya babu yangu."

Akamweleza yote: mizigo, kikohozi, majivu ya bibi. Alimweleza alivyokuwa akilala nayo mkononi alipokuwa mtoto. Ilikuwa miaka mingi tangu aseme ukweli mbele ya mtu, naye hakuuzoea. Sauti ilimkatika mahali ambapo hakuwa amepanga. Shangazi aliweka ungo chini, akamsikiliza mpaka mwisho, na huruma aliyokuwa nayo usoni haikuwa ya kuigiza.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nakuamini kabisa." Kisha akamwuliza kwa upole, "Una karatasi?"

Mstaafu akageuka kuutazama mlango wa sebule. Duniani kulikuwa na karatasi moja tu yenye jina la babu yake. Ilikuwa mle ndani, ina muhuri, na mwandiko wake ulikuwa mzuri mno.

Shangazi aliingia ndani akatoka na chupa ya asali. "Hii ya mizinga yetu," akasema. "Siku yoyote ukitaka kuitazama, njoo. Sema umekuja kumsalimia babu, nitakufungulia."

Akarudi mjini kwa miguu, koti limelegea upande wa mfuko wa tano. Benchi lake lilikuwa wazi na muuza chai alishampungia mkono. Mstaafu akapita moja kwa moja, akapanda zile ngazi ambazo kwa miaka yote alizitazama tu, akasimama mbele ya karani. Akalitaja jina la babu yake, herufi kwa herufi, bila kumpandisha cheo.

Karani hakuinua kichwa. "Hilo faili liliisha. Panya."

"Mwaka jana mlisema mchwa," alisema Mstaafu, chupa ya asali kwapani, na machozi yakimtoka.