Nimemulilia Muzee Kalenga, Kumbe Iko Muzima

Ninyi vijana mutakaosoma karatasi hii, someni polepole, na kucheka muchekee kwenu. Leo nimejivua nguo mbele ya avenyu muzima, njia yetu yote. (Kwa maneno. Kikwembe, kitenge changu, nilikuwa nacho.)

Tangu viwanda vimenyamaza, hapa mutaani kwetu Panda hata kikohozi cha jirani kinasikika. Asubuhi nikasikia kilio. Uuuu... kinapanda. Kinashuka. Kinakatika, kama muntu amekosa pumzi. Kisha tena, uuuu. Kilitoka kwa muzee Kalenga, mwenye mashini ya kusaga mahindi.

Odette, muke wa mutoto wangu, akanishika mukono.

— Mama, kule kuna muntu amekufa!

— Minye naenda. Weye fungia batoto ndani.

Mimi na Kalenga hatusemezani. Mwaka jana aliniambia mahindi yangu ina muchanga. Nikatangaza kanisani kwamba mashini yake inaendeshwa na pepo za wafu. Watu wakamukimbia. (Ulimi wangu ninaujua.)

Nikavua viatu na kitambaa cha kichwa, nikafunga kikwembe kiunoni, kama tunavyoingia matangani. Uwanja mutupu, Kalenga haonekani: basi ni yeye amekufa. Kilio kilitoka kibandani, mabati yanatetemeka. Nikajitupa chini! Wamama wa avenyu wakaja mbio, wakajitupa nao. Hakuna aliyeuliza maiti iko wapi. Miaka hii tunazika sana.

Nikapaaza sauti kushinda ile ya kibandani:

— Kalenga, unisamehe! Pepo haikuwamo! Minye nilidanganya...

Pale pale kilio kikafa. Ikabaki tu-tu-tu, ya upole.

— ...NILIDANGANYA KANISA MUZIMA!

Niliisema peke yangu, wote wanasikia.

Kalenga akatoka, mafuta mpaka viwikoni, uso kama majivu.

— Mama Kabedi, munalilia nani?

— Weye.

Akajigusa kifua, polepole, kama muntu asiye na hakika.

— Ni mashini ilikuwa inalia. Mazuti ya sasa, mafuta ya mashini, banachanganya na petroli ya taa. Enjekta, ile mudomo ya kutema mafuta ndani, inatema mingi, kisha inakosa. Moto ya ndani inapanda, inataka kuzima. Sasa nimekaza visi, ile skrubu yake, inatema kidogo kidogo, sawasawa.

Mama mumoja akauliza kutoka chini:

— Mama Kabedi, kwa hiyo matanga tunalala siku ngapi?

Wakavunjika mbavu! Kalenga peke yake hakucheka.

— Mama, batoto yangu banalala njaa juu ya ile maneno. Hii ya leo, kwamba ulidanganya, utaisema tena kanisani?

— Siku ya Mungu, Jumapili hii. Mbele ya bote.

Nimefika nyumbani, nimeagiza: Odette, mahindi yote kwa Kalenga. Na katika nyumba hii, hakuna kulilia muntu kabla ya kuona maiti.