Konokono wa Hatua ya Saba

Jumapili, 8 Juni

Mvua tangu asubuhi. Vizuri sana. Siku ya mvua hakuna anayemgongea mtu mlango.

Nimecheza Bonde la Magamba tangu nilipomaliza chai. Gemu ya watu wazima, imetengenezwa na mtu mmoja tu nyumbani kwake, na yaliyomo hayasemeki mbele ya mkwe. Msafiri anaingia bondeni. Kila zimwi linalomshinda linamgeuza awe kama lenyewe, na mageuzi yanaonyeshwa polepole, kiungo kwa kiungo, bila nguo. Mimi nafuata hadithi. Basi.

Hatua ya saba nimegeuzwa konokono. Nikanasa mlangoni mwa pango: gamba kubwa, mlango mdogo. Mbele siendi, utu siurudii. Nimejaribu mara thelathini na moja. Nimemwandikia mtengenezaji barua pepe ya malalamiko, kwa heshima lakini bila kuuma maneno. Nimemweleza kwamba nimetumia saa mia mbili na kumi na mbili kufika hapo tangu Aprili. Kisha nikapika wali, nikala na samaki wa kopo.

Jumatatu, 9 Juni

Wiki ya maamuzi. Ijumaa anatajwa msimamizi mpya wa kitengo, mimi au Ugajin. Mimi nina miaka kumi na miwili katika Idara ya Malezi Bora ya Vijana, mji wa Kumanosawa. Ugajin ana sita, na kimbelembele. Kazi yetu ni kuwakinga vijana na mambo machafu. Yale mabango ya kuwauliza wazazi kama wanajua watoto wao wanacheza nini, nimeyabandika mimi kwa mikono yangu, hadi chooni.

Wakati wa chakula cha mchana nikapata jibu la mtengenezaji. Limeanza: Kwa Bwana Muneoka Shigeki, Idara ya Malezi Bora ya Vijana.

Nikafungua barua niliyotuma. Mwishoni kabisa: jina, cheo, idara, ghorofa ya pili, simu, faksi. Miaka kumi na miwili nafunga kila barua hivyo. Vidole vimejiandikia vyenyewe.

Mtengenezaji ni mama mmoja anaitwa Kusakabe. Anasema amelia. Anasema kosa kama hili haliombewi radhi kwa barua, atakuja mwenyewe ofisini, Alhamisi, na boksi la vitamu.

Jumanne, 10 Juni

Nimemjibu asijisumbue. Kosa kubwa. Mwambie mtu wa hapa Japani asijisumbue, atajua bado una kinyongo. Akajibu kwamba sasa ndiyo ameelewa nilivyoumia, na ataleta boksi kubwa.

Nikaandika nimeshasamehe, kabisa, moyo mweupe. Akajibu kwamba ukarimu wangu umemzidishia aibu. Ataleta na kompyuta, nijionee kwa macho yangu kwamba mlango wa pango umepanuliwa.

Nikaamua kunyamaza. Hakuna kinachomshinda mtu kama kimya. Saa tisa simu ya ofisi ikalia, akapokea Ugajin. Akaja mezani kwangu na lile tabasamu lake la kuuza bima. Kuna mama anaitwa Kusakabe, kasema, anauliza kama Mkuu naye atakuwepo Alhamisi, maana anataka kumwomba radhi na yeye kwa kumsumbulia mfanyakazi. Mzee, umesumbuliwa na nini?

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili linanijua mpaka namba ya faksi.

Jumatano, 11 Juni

Sikula.

Mpango wa kwanza ni kuomba ruhusa kesho. Lakini nisipokuwepo, atampokea Ugajin. Huo umekufa. Mpango wa pili ni kumdaka stesheni kabla hajafika, nichukue boksi, nimpandishe treni ya kurudi. Huu mzuri.

Kwa tahadhari nimemwambia Ugajin kwamba huyo mama ni shangazi yangu, mzee, akili zimeanza kumruka. Ugajin akasema pole ndugu yangu. Kisha akauliza shangazi anamwomba radhi mpwa wake ofisini kwa kosa gani. Nikasema aliniuzia jiko bovu la kupikia wali. Akauliza, siku hizi shangazi anauza majiko? Nikasema kidogo kidogo.

Akaliandika kwenye kijitabu chake. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesimama stesheni tangu saa sita, mwavuli mkononi. Treni tatu zimepita. Hakuna mama.

Amekuja kwa basi. Mwombaji radhi hufika mapema, na huyu amefika saa nzima kabla ya wakati. Niliporudi nimemkuta ameketi mbele ya Mkuu wetu, Mama Sonobe. Kamwanamke kadogo ka miaka sitini na kitu, suti nyeusi ya msibani, boksi magotini. Ugajin anamwambia, karibu chai, shangazi.

Aliponiona akainuka, akainama mpaka nikaona kisogo chake. Kisha akampa Mama Sonobe kadi yake kwa mikono miwili. Mama Sonobe naye akaipokea kwa mikono miwili na kuisoma kwa sauti, ndivyo alivyo, hata risiti huisoma kwa sauti: Karakana ya Magamba. Mazimwi na mageuzi. Watu wazima tu.

Ugajin akauliza kama hiyo ndiyo kampuni ya majiko.

Mama Kusakabe hakumsikia. Alishafungua kompyuta mezani. Konokono akatokea, mkubwa, uchi jinsi konokono anavyoweza kuwa uchi, akaanza kupita mlangoni. Taratibu. Watu kumi na mmoja wamesimama nyuma ya kiti cha Mkuu, hakuna anayepumua. Alipomaliza kupita, Mama Kusakabe akajifuta macho. Akaeleza kwamba mume wake alipofariki ndipo alipoanza kuitengeneza gemu hiyo, mwaka wa kumi na moja huu, na hakuna mchezaji aliyewahi kumwandikia kwamba amevuka hatua ya sita. Ila Bwana Muneoka. Saa mia mbili na kumi na mbili.

Mama Sonobe akanigeukia. Nikasikia mdomo wangu ukisema: uchunguzi, Mkuu. Nilikuwa nafanya uchunguzi wa idara.

Mama Kusakabe akaniangalia. Akauliza taratibu, kwa hiyo hukuipenda?

Nikajibu kwamba idara haina maoni.

Akafunga kompyuta, akakifuta kifuniko kwa kitambaa ingawa hakikuwa na vumbi. Akaomba radhi mara ya tatu, akaondoka. Nilitaka kumkimbilia ngazini nimwambie kwamba pale konokono anapolia kisimani, na mimi nililia. Sikwenda. Nimeona haya leo, na haya zenyewe si za gemu.

Mama Sonobe amesema hajui kama ana mfanyakazi mwingine anayejituma kiasi hiki. Ugajin kanuna. Vitamu ni vya maharage, vizuri sana. Nimekula viwili.

Ijumaa, 13 Juni

Ugajin kaja asubuhi na mahesabu. Saa mia mbili na kumi na mbili za kazi, zote nje ya muda, tangu Aprili. Kanuni inaruhusu arobaini na tano kwa mwezi. Kauliza kwa huruma nyingi kama Idara ya Utumishi inajua ninavyouawa na kazi.

Kufika saa nne ilishajua. Walikuja wawili. Mama Sonobe ameambiwa aandike barua ya kumwomba radhi meya kwa kumchosha mtumishi kupita kiasi.

Alinivuta pembeni, karibu na mashine ya kunakilishia. Akasema kwa sauti ya chini kabisa: Muneoka, mambo ya mtu nyumbani kwake ni yake. Niambie tu ulikuwa unajifurahisha, hili liishe leo, na kile cheo bado nakushikia.

Mlango wazi mbele yangu. Mkubwa. Mtu na gamba lake angepita.

Nikasema: ni kazi, Mkuu. Kazi tupu.

Kisha akaenda kuandika barua yake.

Msimamizi mpya ni Ugajin. Mimi nimepewa siku kumi za kupumzika na fomu ya kuahidi kutogusa kazi yoyote ya ofisi. Kazi zenyewe zimeorodheshwa kwa majina, na Bonde la Magamba ni ya kwanza. Nikapiga muhuri wa jina langu mahali pa sahihi. Muhuri ukatoka upande.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepelekwa kwa daktari wa watumishi, Daktari Inagaki. Mtu mnene, mpole. Akafunga mlango, akasema lolote nitakalosema halitoki humu, hata kwa meya. Akauliza: ukiwa nyumbani, ni kitu gani kinakupa raha?

Ukweli ulifika kwenye ncha ya ulimi. Naapa ulifika.

Nikasema tambi za soba. Nakanda mwenyewe, kwa mkono, mwaka wa kumi na mbili.

Kalamu ikamponyoka. Kumbe yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha wakandaji soba wa Kumanosawa. Akauliza huwa nakata unene gani. Nikasema inategemea hali ya hewa. Akaliandika hilo, akanishika bega, akasema upweke ndio unaoniua. Jumapili atakuja kwangu na wanachama wanane, nikande mbele yao.

Sina ubao, sina kisu, unga wa soba sijawahi kuushika. Lakini safari hii sina wasiwasi, maana nimefikiri kwa utulivu. Duka la ng'ambo ya daraja linauza zilizokwisha kukatwa. Nitazichukua asubuhi na kuzitandaza mezani. Wakifika nitawaambia wamechelewa kidogo, ndiyo kwanza nimemaliza, na nitakuwa nimejipaka unga kwenye nyusi.