Mfagiaji Hagusi Printa

Jumatatu, 4 Machi
Aibu gani hii! Programu yangu ya namba za foleni imegoma hospitalini. Printa ilitoa karatasi mia mbili, ikanyamaza. Wagonjwa wakagombana nani alitangulia. Na Ijumaa bosi anateua mkuu wa kitengo! Tupo wawili tu: mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, niliyemtafutia kazi hapa mwenyewe. Najuta.

Shemeji kachungulia msimbo wangu, yaani maandishi ya programu, kaguna. Eti kwa kila karatasi naishika printa upya, siiachii, na mishiko ikifika mia mbili inagoma. Nimemweleza kwa upole kwamba lugha yetu ya programu ina mfagiaji wake, anazoa vyote vilivyotupwa kwenye kumbukumbu. Kufagia si kazi yangu. Kasema mfagiaji anajua vya ndani tu. Cha kuazima nje hurudishwa na aliyeazima. Mjuaji huyo!

Jumanne, 5 Machi
Nimeandika wasia ndani ya programu: kitu kikizolewa na mfagiaji, kwanza kiachie printa, ndipo kikate roho. Akili ninazo! Tumefika karatasi mia tatu na arobaini, kisha kimya. Kumbe mfagiaji hupita kumbukumbu ikikaribia kujaa tu. Mvivu mkubwa.

Jumatano, 6 Machi
Sasa namwita mfagiaji kwa lazima baada ya kila karatasi. Inafanya kazi! Ila karatasi moja, sekunde kumi na moja. Muuguzi wa mapokezi kapiga simu kuuliza kama naziandika kwa mkono. Nimefuta yote isipokuwa wasia.

Mke kauliza ngazi ya jirani nitairudisha lini, ina miezi mitatu hapa. Nimemwambia asinivuruge, nina mambo mazito.

Alhamisi, 7 Machi
Kwisha kazi! Nimemshawishi bosi aongeze kumbukumbu ya mashine mara nne. Kasema huko ndiko kufikiri kikubwa. Fundi kaifunga kabla ya chakula cha mchana. Shemeji kacheka mpaka kashika meza. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Machi
Bosi kaja hospitalini kujionea. Karatasi ya mia mbili, printa kimya! Kumbukumbu imekuwa kubwa, mfagiaji haoni sababu ya kuinuka. Wagonjwa wananitazama. Bosi ananitazama. Shemeji kavuta kiti, kaandika mistari michache: shika printa, chapisha, achia papo hapo, hata kosa likitokea katikati. Karatasi zikatoka mpaka gombo likaisha. Bosi kamteua palepale.

Shemeji alipopita karibu yangu kaniambia taratibu, "Shemeji, ulichoshika, kiachie mwenyewe. Usimsubiri mtu."

Imeniuma, sifichi. Nilishajipimia kile kiti cha mkuu.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari nikajua kosa langu: mfagiaji alikosa msimamizi. Nitaandika mfagiaji wa pili, amsimamie wa kwanza. Jumatatu nampelekea bosi.

Naandika haya juu ya paa. Nilipanda kurekebisha antena. Jirani kaingia uani, kachukua ngazi yake kaenda nayo. Nimemwita mke wangu mara tatu. Kanijibu kutoka ndani kwamba yeye anafagia, na vya kuazima havimhusu.

Jua kali. Lakini sina wasiwasi. Mtu atapita tu.