Historia Kamili ya Ukumbi wa Kuteleza wa Garsen

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Leo nimeanza kazi itakayoniokoa. Itakayouokoa ukumbi, nilitaka kusema.

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu. Abduba, mfanyabiashara wa ngozi, ameomba ukumbi wa Zadock uwe ghala lake. Wazee watakaa Alhamisi. Mwenye sababu ya kupinga ailete kwa maandishi. Kwa maandishi! Garsen nzima, nani ana shahada ya historia na hana kazi? Ni kama tangazo limeniita kwa jina.

Zadock ni kaka yangu. Alikuwa. Mwaka 1994 alirudi kutoka Mombasa na magunia mawili ya viatu vya magurudumu, jozi kumi na moja. Akaingia kwenye ghala tupu la pamba lililo mbele ya nyumba yetu, akapiga sakafu saruji mpaka ikang'aa kama sahani. Watu walisema amerogwa. Baada ya wiki mbili watu hao hao walipanga foleni. Kwa miaka mitatu watoto wa wafugaji na watoto wa wakulima walishikana mikono humo ndani, kwa sababu asiyeshika mtu alianguka. “Shika mtu!” Zadock alipiga kelele hizo kutwa. Kisha yakaja mafuriko ya '97. Familia arobaini zilihamia ukumbini, yeye akawa anawapikia uji, akashikwa na homa. Januari tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa mtoni. Tangu hapo mlango una kufuli.

Mpango: nitaandika Historia Kamili. Hakuna atakayethubutu kurundika ngozi mbichi ndani ya jengo lenye historia. Mama amesema ngozi hazijui kusoma.

Jumanne, 3 Agosti

Historia inahitaji kielelezo. Yaani viatu vya Zadock mwenyewe, vile vyekundu. Mimi nina cha kushoto. Cha kulia kiko kwa Alice, aliyekuwa mchumba wake. Tuligawana siku ya matanga, mbele ya wageni, kwa kuvutana. Sitaki kuliandika zaidi hilo.

Nimemwandikia Alice barua rasmi kutoka Idara ya Historia na Kumbukumbu, Garsen. Idara hiyo ni mimi. Muhuri niliuchonga kwenye kiazi. Ulitoka vizuri sana.

Alice hufundisha chekechea. Aliisoma barua, akaigeuza, akaona upande wa pili ni kalenda yetu ya mwaka jana. Akauliza kama Idara ina kiazi kingine, maana watoto wake wamemaliza vyao kwa kuchapa picha za samaki. Kisha akasema, wifi, mwambie mkurugenzi wako alete cha kushoto hapa, nikikiona nitafikiria.

Wifi! Harusi yenyewe haikufanyika.

Nilipokuwa natoka aliniuliza kama nakula vizuri. Kwa jinsi alivyokonda, angejiuliza mwenyewe.

Jumatano, 4 Agosti

Siku kubwa! Nimempata Mzee Galgalo kwenye soko la mifugo. Mimi nilitaka tu mwaka lilipojengwa ghala. Yeye akanirudisha nyuma hadi kwa babu yake. Akasema kabla ya ghala kuwepo, mahali pale palikuwa malka, njia ya ng'ombe wao kushuka kunywa mtoni. Mwaka mmoja wa ukame walihama na mifugo mbali. Waliporudi walikuta ukuta. Ng'ombe wakasimama, wakautazama.

Nimepata chimbuko! Profesa wangu alisema historia isiyo na chimbuko ni umbea.

Nimeandika yote. Mzee Galgalo hajui kusoma, akaniomba nimsomee sentensi ya malka mara mbili, halafu mara ya tatu. Akaweka kidole gumba. Akanipa maziwa. Maishani mwangu sijawahi kusikilizwa kwa makini vile.

Ili asiwepo wa kubisha, nilipanda gari hadi Wenje kwa Mzee Danson, mkulima, aliyekuwa akipima pamba ghalani zamani. Alisoma ukurasa, akautazama mto. Akaniuliza, mwanangu, hili lazima liandikwe? Nikamwambia mwanahistoria hafichi kitu. Akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, maana nimeona kwamba yeye mwenyewe analikumbuka. Akatia sahihi, akanirudishia kalamu kama mtu anayerudisha kisu.

Jioni Mama alisema habari za malka huzungumzwa kwa mdomo na kupatanishwa kwa mdomo, wakulima na wafugaji; tangu lini mtoto wa wakulima wa mto akaziweka kwenye karatasi? Mama hakusoma historia.

Alhamisi, 5 Agosti

Kurasa thelathini na moja. Nilivaa gauni la mahafali.

Nilianza na sura ya kwanza, Chimbuko. Nilisoma kwa sauti yenye utulivu. Nilipofika kwenye ng'ombe waliosimama wakautazama ukuta, wazee wa wafugaji waliinamisha vichwa. Nikajua nimewashika!

Nilipomaliza sura, Mzee Galgalo akasimama. Akaomba nisiendelee, yametosha. Akasema kwa miaka mingi walikuwa wakilisema jambo hili na kuambiwa ni hadithi za wachunga ng'ombe. Leo binti wa wakulima, msomi, amelileta na sahihi ya mkulima mwenzake. Mungu anibariki. Kisha akawauliza wote waliokaa kama malka huzibwa.

Wakulima walimtazama Mzee Danson. Mzee Danson alitazama viatu vyake. Mwisho akasema haizibwi. Wakaitikia wote, hata chifu.

Abduba alicheka mpaka akavua kofia. Akasema, dada, mimi niliomba ghala tu; wewe umeninyima mpaka kuta.

Kuta mbili zinazokabiliana zitavunjwa Jumamosi, upande wa barabara na upande wa mtoni, ng'ombe wapite.

Zadock alikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Sikufika.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimeandika rufaa. Nimeichana. Nimeandika nyingine.

Alasiri Alice alikuja. Alinikuta sijachana nywele. Alikuwa na kiatu cha kulia ndani ya mfuko wa plastiki. Hakunisema. Ningependa angenisema.

Tulifungua kufuli. Mle ndani mna popo, na ufa ulioachwa na mafuriko umekata sakafu katikati. Mimi nilivaa cha kushoto, yeye cha kulia, tukashikana mikono. Miguu ya katikati, iliyo mitupu, ndiyo ya kusukuma. Ilikubali! Tulikuwa mtu mmoja mwenye miguu minne. Tulizunguka mara moja na nusu, tukaanguka kwenye ufa.

Tulicheka tukiwa chini. Alice alisema Zadock alipanga kuuziba ule ufa kabla ya Pasaka, alishatafuta saruji. Mimi sikujua hilo. Halimo kwenye Historia Kamili.

Tulikaa pale pale mpaka popo wakaanza kutoka.

Jumamosi, 7 Agosti

Wamevunja. Kazi ya asubuhi moja tu.

Saa nane ng'ombe waliletwa. Wa kwanza alikuwa dume jeupe la Mzee Galgalo. Liliingia kwa heshima, likakanyaga sakafu ya Zadock, na miguu yote minne ikaondoka. Liliteleza hadi uwazi wa pili, likatokea upande wetu limesimama wima, macho yamelitoka. Kijana mmoja nyuma ya umati akapiga kelele, “Shika mtu!”

Watu walicheka wote. Hata mimi. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya jiko, na Mama akaja kukaa nami.

Mzee Galgalo ameagiza mchanga umwagwe ndani, ng'ombe wasivunjike. Kufikia jioni sakafu haionekani tena.

Jumatatu, 9 Agosti

Tatizo jipya. Ng'ombe wakitoka ukumbini wanakutana na nyumba yetu. Wanagawanyika, wengine kulia, wengine kushoto, ua wetu umelala chini. Jana ndama mmoja alisimama juu ya kaburi la Zadock. Mama amelizungushia matawi ya miiba na mikono yake imechanika.

Lakini mimi nimeshajua dawa! Nyumba yetu haina chochote kwenye karatasi. Ndiyo maana haiheshimiwi. Nitaiandikia historia kamili, yenye chimbuko, yenye mashahidi, tangu kabla ya babu kujenga hapa.

Alice amenisihi, wifi, acha. Mama ameficha kalamu zote.

Si kitu. Nilipomweleza Mzee Galgalo alifurahi mno. Anasema mahali hapa anapakumbuka vizuri sana. Kesho asubuhi atakuja mwenyewe, na kaka yake. Na kalamu nisihangaike: ameshaninunulia mpya.