Uzinduzi wa Kituo cha Kuzindua Laptopu Zilizozimia

Mheshimiwa Mungu wa Ardhi, mwenye uwanja huu wa hekalu tuliposimama, ambaye kiitifaki ndiye namba moja na mimi ni namba mbili. Mheshimiwa Diwani, aliyetuma udhuru. Mwakilishi wa Mheshimiwa Diwani, aliyetuma udhuru pia. Ndugu Mwenyekiti wa Ushirika wa Wakulima wa Mabalungi. Kina mama wa ngoma za asubuhi. Wadau wa maendeleo, wafadhili watarajiwa, mabibi na mabwana, na nyinyi mliobaki ambao najua mmefuata tambi za bure: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Tambi zenyewe saa ngapi?")

Mimi, Peng Jui-tang, Mkuu wa Kitengo cha Mageuzi ya Kidijitali cha Tarafa ya Paihsi, mshindi wa pili wa Tuzo ya Kiongozi Anayejibu Simu, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo kifani kuzindua Kituo Jumuishi cha Uokoaji wa Kompyuta Mpakato Zilizoathirika, mradi ambao haujawahi kuonekana katika kisiwa chetu chote. (Mzee Chiu, fundi pikipiki: "Hata sisi hatujauona!") Utaonekana, Mzee Chiu. Upo nyuma ya kitambaa hiki chekundu, na kitambaa kina wakati wake.

Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba katika kuelekea Sikukuu ya Mwezi, Kitengo changu, kwa kutumia mbinu shirikishi na kwa kuzingatia viashiria vyote vya utendaji, kilisukuma usasishaji katika kompyuta mpakato zote ambazo tarafa imewaazima, usasishaji ambao pamoja na maboresho mengine mengi ulibeba picha yangu nimekumbatia balungi, nikiwatakia heri, ili kila mwananchi awashapo mashine akutane kwanza na uso wa serikali. Lengo hilo, nasema bila kujisifu, limefikiwa kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, kwa sababu mashine ikiwashwa inaonyesha uso wangu, inazimika, inajiwasha yenyewe, inaonyesha uso wangu, inazimika tena, bila kuchoka, kuanzia asubuhi mpaka mtu aichomoe betri. Niambieni, ni kiongozi gani wa tarafa jirani anayeonekana na watu wake mara nyingi kiasi hicho? (Kicheko. Mzee Chiu: "Mke wangu kaigeuzia ukutani! Anasema anaona aibu kubadili nguo!")

Sasa, kumekuwa na maneno mitaani kuhusu chanzo. Serikali sikivu haikimbii maneno. Inasemekana kwamba ile pakiti ya kijani ya bisi za nazi, ambayo sote tunajua hukaa juu ya mashine kuu ya ofisi ili mashine iwe na adabu, siku ile haikuwepo. Ni kweli haikuwepo. Usasishaji ulichukua muda mrefu, wataalamu waliniomba nisubiri, na mwenye njaa hana miiko. (Zogo.) Naomba utulivu! Niliifungua kwa lengo la ukaguzi wa ubora! (Mama mmoja: "Ukakagua mpaka chini?") Nilikagua yote, ndiyo, na sioni haya kulisema, kwa sababu uwazi ni nguzo ya utawala bora, na kwa hiyo suala la chanzo tulifunge hapa: chanzo ni pakiti, si kitu kingine chochote, na hasa si picha.

Na hatua zimechukuliwa. Nimenunua pakiti mpya kwa fedha yangu mwenyewe. (Mzee Chiu: "Rangi gani?") Rangi si hoja, Mzee Chiu. (Uwanja mzima: "Rangi gani?") Za kijani zilikuwa zimeisha dukani. Nimeweka ya njano. (Mayowe. "Njano! Taa ya hatari ile, ya kwenda ni kijani!" "Huyu anataka kutuzika na laptopu zetu!" Mtu anakwenda kuwasha udi zaidi.)

Namwona Mama Fan Hsin-mei amesimama. Mama Fan, muda wa maswali haumo katika ratiba, lakini wewe ndiye mwenye mashine tuliyoiweka hapa mezani na kuiunganisha na vipaza sauti kwa ajili ya maonyesho, kwa hiyo sema, kwa kifupi. (Mama Fan: "Mheshimiwa Peng, pakiti tuiache. Tumemuuliza Mungu wa Ardhi mara tatu, tumerusha vibao vya kuagulia, mara zote amecheka tu, hasemi ndiyo wala hapana. Ni picha yako. Binti wa dada yangu kanieleza njia: unaiwasha laptopu kwa ile hali ya usalama, unaingiza ufunguo wa urejeshi, ninao, unalitafuta faili la picha, unalifuta. Basi. Ila laptopu ni mali ya tarafa, na waraka wako unasema hakuna kugusa faili la ofisi. Naomba ruhusa tu.")

Mama Fan, ufutaji wa sura ya Mkuu wa Kitengo si jambo la kukurupuka nalo. Leo utafuta uso wangu katika laptopu, kesho utafuta nini? Ndiyo maana tuna Kituo, chenye idara ya mapokezi, idara ya utambuzi, idara ya ushauri nasaha kwa walioathirika, na mashine yako itapokelewa, itapewa namba, itafanyiwa upembuzi yakinifu, na kufikia msimu wa mabalungi yajayo utapata majibu ya awali. (Mama Fan: "Msimu ujao? Mheshimiwa, Bibi Liu anaondoka leo! Gari la mwanawe lile pale, wanampeleka kusini kuishi huko.")

Namwona Bibi Liu, nampa pole kwa kiti cha magurudumu na hongera kwa umri. (Mama Fan: "Mimi ndiye niliyezunguka nyumba za kina bibi nikizirekodi nyimbo zao za mlimani. Wote wameshakufa isipokuwa yeye. Sauti ya mdogo wake imo humu ndani, haipo kwingine popote. Amekuja kuisikia kabla hajaondoka. Unamnyima kwa sababu ya picha yenye balungi?")

Mama Fan, hisia zako zimepokelewa na zitafanyiwa kazi. Serikali inazipenda nyimbo za mlimani. Mimi mwenyewe nililelewa nazo mgongoni mwa... lakini tuzingatie ratiba. Naomba uketi. (Mama Fan anaketi, mbele ya laptopu. Anaifungua.) Naomba uketi mbali na mashine. Mzee Chiu, mbona unamkinga? Waliokaa mbele, mbona mnasimama wote, simwoni Mama Fan!

Tuendelee! Kituo hiki kitatoa ajira! Kitavutia watalii! Kitazifufua mashine kwa kasi ya umeme! Semeni nami: Laptopu moja, uso mmoja! (Wote wanatazama mezani.) Paihsi ya kidijitali! (Sauti moja: "Shusha mkono, Mzee Chiu, tuone!") Uso wa serikali... uso wa serikali... (Mama Fan: "Umeondoka!" Vifijo. Kutoka kwenye vipaza sauti vya uwanja, sauti ya mwanamke mzee inaanza kuimba, kwanza anakohoa, kisha anacheka, kisha anaimba.)

Naam. Kama mnavyoona, mradi umeanza kutoa matunda. Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru shemeji yangu Yeh, kwa kutuazima ukuta wa duka lake la tambi, ambao ndio uliopo nyuma ya kitambaa hiki, na hakuna kingine. Nawashukuru wajenzi, ambao watatafutwa. Namshukuru mfadhili, ambaye ataandikiwa barua mara tu andiko la mradi litakapopatikana, kwani andiko lote, na ramani, na idara zote nilizozitaja, mimi mwenyewe niliviandika ndani ya laptopu yangu ya ofisini, na tangu siku ile laptopu hiyo inanitazama, inazimika, inanitazama. Kituo hiki hakipo mahali pengine popote duniani. Mama Fan, nakushukuru wewe hasa. Ukimaliza hapo, nakuomba, upite ofisini kwangu. Unifute na kule. Kwa hayo machache, nasema asanteni sana kwa kunisi...

(Bibi Liu, bila kugeuza kichwa: "We Jui-tang, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama yako akiwa shambani. Nyamaza. Mdogo wangu anaimba.")

Nimenyamaza, bibi.