Alama Nane za Sarafu ya Mama Yunis

Zombo, Kilosa
14 Julai 1981

Ndugu Mkadiriaji Mkuu wa Sarafu,

Pokea heshima zangu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nanyi mliniandikia kwa lugha yenu bila kuniuliza.

Mwezi Machi niliwatumia kwa rejesta ya posta sarafu ya hela ishirini za Mjerumani, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Ni mali ya mama mkwe wangu, Mama Yunis. Marehemu mumewe, Mzee Thadeo, alilipwa nayo akiwa kibarua wa reli. Mama hakutaka kuitoa. Nilimbembeleza miezi minane, nikamwahidi kwamba wataalamu wa ng'ambo wataipa daraja la juu. Mmeirudisha ndani ya kikasha cha plastiki ikiwa na alama nane kati ya sabini, na maelezo kwamba imesagika mno. Tangu siku hiyo nikimwamkia Mama shikamoo, haniitikii marahaba. Mkwe anayenyimwa marahaba mbele ya watoto wake hana tena nyumba, ana paa tu.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nimesahihisha mitihani miaka ishirini na mbili, na mtihani wa alama sabini sijauona. Zile thelathini za kufikia mia mmempa nani?

2. Sarafu imesagika kwa sababu imefanya kazi. Imenunua chumvi, imenunua jembe, imelowa jasho la vibarua wa reli. Kijitabu chenu, nilichokisoma mara nne, kinasema sabini hupewa sarafu ambayo haijatumika hata siku moja. Yaani iliyolala sandukuni bila kununua hata kiberiti ndiyo bingwa! Nchi hii iliamua mwaka 1967 kuachana na wanaoishi kwa jasho la wenzao. Nyinyi mnawavisha medali.

3. Ili nisiwaonee, nimejaribu kipimo chenu hapa kijijini. Mke wangu Fausta, aliyezaa saba na kulima ekari tatu kila msimu, nilipomkagua viganja alipata alama nne. Oswald, ambaye hufika shamba la kijiji sisi tukiwa tunafuta majembe, alipata sitini na nane. Sasa anataka kwenye mkutano aitwe Ndugu Sitini na Nane. Fausta naye ameacha kusema nami, kwa hiyo mmeniharibia kwa mama na kwa binti pia.

4. Nadai alama sitini na mbili zilizobaki, kwa rejesta. Mkikataa, njooni Zombo mpalilie mahindi msimu mmoja tu, kisha tuwakague viganja kwa hiyo lenzi yenu ya kukagulia sarafu, na atakayebaki na sabini tutamrudisha kwao kwa treni ya kwanza.

Kazi ndiyo kipimo. Sina zaidi.

Wasalimu wapimaji wote, wake zao, waume zao, na hasa yule aliyeandika neno "mno".

Wako katika kujenga taifa,
Mwl. Urbanus Ulimboka

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea Mama barua hii, nikitegemea marahaba. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwalimu, hiyo haijanunua kitu. Thadeo alinipa siku ile ile aliyolipwa. Nimekaa nayo mimi. Kila Jumamosi naisugua kwa majivu na mchanga, Jumapili naenda nayo kanisani inang'aa. Miaka sitini nasugua, halafu usafi wangu unapewa nane?"

Kumbe ni sarafu iliyolala sandukuni maisha yake yote. Basi tafadhali isomeni barua upya, na kila nilipoandika "kazi" wekeni "usafi". Nawaomba pia mfanye haraka. Mama amekivunja kikasha chenu, anasema imerudi na vumbi la safari, na hapa niandikapo nasikia mchanga.